Blanketi la Januari

Cherehani ikinyamaza baada ya wiki tano za kukimbia, mwili hauamini upesi. Jioni moja ya tarehe 1 Januari nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, nyumba imetulia. Mwanangu mkubwa akapita mlangoni, akasimama, akaniuliza, "Mama, unashona nini?" Sikuwa nashona chochote. Nilipotazama chini niliuona mguu wangu wa kulia unakanyaga sakafu, unapanda na kushuka, kama vile kuna kitambaa kinanisubiri.

Mimi ni fundi wa nguo. Kwa fundi, Desemba ni mafuriko. Kila mtu anataka nguo yake kabla ya sikukuu, na karibu kila mtu anachelewa kuileta. Yupo wa kupunguza suruali na yupo wa kupanua gauni. Yupo anayetaka familia nzima ya watu sita ivae kitambaa kimoja. Halafu anakuja yule wa siku mbili za mwisho, kitambaa bado kiko kwenye mfuko wa dukani, anasema, "Fundi wangu, sina mwingine ila wewe." Unalala saa saba usiku, unaamka saa kumi na moja, unakula umesimama. Sikukuu yenyewe inakukuta mezani na watu unaowapenda kuliko wote duniani, macho yanawaka, na vicheko vyao unavisikia kwa mbali kana kwamba vinatoka chumba cha pili.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba dawa ya uchovu ule ni kuanza mwaka kwa kishindo. Usiku wa mwaka mpya nilikuwa nachukua daftari na kuandika mambo kumi na moja, kumi na mbili: kuamka saa kumi alfajiri, kupunguza mwili, kujifunza kushona makoti, kuweka akiba kila siku, kusoma kitabu kila wiki. Tarehe 2 asubuhi chumba cha kushonea kimefunguliwa. Wateja hawapo, maana nguo zao mpya wanazo na pesa wamemaliza, lakini mimi nimekaa pale tangu alfajiri nikijitafutia kazi ili nisionekane nimekaa bure. Sijui nilikuwa nikimwogopa nani.

Mwaka ninaotaka kuusimulia, kazi moja ilikuwa imebaki kutoka Desemba. Mama mmoja mtu mzima aliniletea kitambaa chenye mistari ya buluu na nyeupe, kizuri, kizito kidogo, cha aina ambayo ukikishika unajua mwenyewe alikichagua kwa muda mrefu. Alitaka gauni la mikono mirefu. Nikaliandika kwenye daftari la oda, na pembeni nikaandika tarehe ya kulimaliza: 9 Januari.

Wanaoshona watanielewa hapa. Kitambaa cha kawaida unakikunja mara mbili, uso kwa uso, unakata mara moja, unapata mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Kitambaa cha mistari hakitaki hivyo. Ukikikunja, mistari ya chini inateleza na mikono haifanani. Kwa hiyo unakikata kikiwa kimoja kimoja: unalaza karatasi ya mkono, unachora kwa chaki, unakata, halafu *unaigeuza* ile karatasi ndipo ukate mkono wa pili. Ni jambo la sekunde mbili. Nimelifanya mara mamia. Usiku wa tarehe 8, saa sita na kitu, sikuigeuza. Nikakata mikono miwili ya kushoto.

Sikugundua papo hapo. Niliushona mkono wa kwanza vizuri, nikapiga bandi wa pili, nikaliinua gauni lote mbele ya taa, nikaona mkono mmoja umejikunja kuelekea nyuma kama mtu aliyeteguka bega. Nilikaa chini sakafuni palepale na gauni mapajani. Kitambaa hakikubaki hata cha kutoa kola. Nililia sana usiku ule, na kilio kile kilikuwa na mengi zaidi ya mkono wa gauni.

Asubuhi mama yule alipokuja nilimpa shikamoo, nikamweleza moja kwa moja. "Mama, nimekuharibia kitambaa chako. Naomba unisamehe."

Alilichukua gauni, akaligeuza, akaona. Kisha akaliweka mezani akanitazama mimi badala yake. "Mwanangu, jana ulilala saa ngapi?"

"Saa nane, mama."

"Na juzi?"

Sikuweza kukumbuka.

"Mimi gauni hili nilikuwa na mpango wa kulivaa mwezi wa nne," akasema. "Nani alikwambia nalitaka leo?"

Nikafungua daftari la oda kumwonyesha tarehe. Na nikiwa nimelishika lile daftari ndipo nilipoona kwamba tarehe ile niliiandika mimi. Hakuniambia tarehe. Hakuwa na haraka yoyote. Haraka yote ilikuwa yangu, nimeitoa Desemba na kuiingiza Januari kama mtu anayehama nyumba na kubeba hata takataka.

Tulikubaliana nilishone bila mikono, atakuwa anajitupia shali. Nikakataa malipo. Akaniachia ile mikono miwili, akasema, "Kaa nayo."

Sikubadilika siku hiyo. Wiki iliyofuata mafua yalinilaza, na nikiwa kitandani bado nilikuwa nahesabu siku nilizopoteza. Lakini lile swali la nani alikwambia nalitaka leo halikunitoka. Liliingia mahali, likakaa. Mwaka ulipozunguka na Desemba nyingine ikaja na mafuriko yake, nilijua kabla hata ya sikukuu kwamba Januari hii sitaikimbiza.

Kitu cha kwanza nilichofanya ni cha pesa, na nakisema kwanza makusudi, kwa sababu utulivu wa Januari hauwezekani kwa mtu ambaye mfuko umekauka. Watu wanalalamika kwamba Januari ni ndefu. Ina siku 31, sawasawa na Desemba. Kinachoirefusha ni kwamba waajiri wengi hulipa mshahara wa Desemba mapema, kabla ya sikukuu, na unaofuata unakuja mwisho wa Januari. Kwa hiyo mshahara wa mwezi mmoja unatakiwa kuvuka wiki tano au hata sita, na zile za mwanzo ndizo za matumizi makubwa kuliko zote. Kwetu mafundi ni vibaya zaidi, maana tunavuna Desemba halafu panakuwa pakavu mpaka watu wakumbuke tena kwamba nguo huchakaa. Siku hizi, fedha za Desemba zinapoanza kuingia, kabla sijanunua zawadi hata moja, naweka bahasha tatu: kodi ya chumba cha kushonea, matumizi ya nyumbani ya wiki tano, na nyuzi na vifungo vya kuanzia Februari. Kinachobaki ndicho cha sikukuu. Mwaka wa kwanza kilichobaki kilikuwa kidogo, na zawadi zikawa ndogo. Hakuna aliyenung'unika. Najua wapo ambao hata ukiwagawia bahasha kumi hawana cha kutia ndani, na sitaki kumwambia mtu huyo akae atulie. Kwake utulivu labda ni saa moja tu ya jioni. Hiyo saa moja nayo ni yake, asiione haya.

Halafu nikaisafisha cherehani.

Hili ningependa kulieleza polepole kwa sababu ndilo lililonifundisha mwendo wa mwezi mzima. Zamani nilikuwa naisafisha kwa kupuliza tu na kudondosha tone la mafuta. Safari hii nilitandaza gazeti mezani, nikaiinamisha ile mashine kwa nyuma, nikafungua skrubu mbili za kibati kilicho chini ya sindano. Chini ya kile kibati, katikati ya meno yanayosukuma kitambaa, kulikuwa na vumbi la nyuzi limeshindiliana mpaka limekuwa gumu, kama sufi iliyokanyagwa. Nikalichokoa kwa sindano butu. Lilitoka kipande kizima, na ukilitazama kwa karibu unaona matabaka: jekundu la nguo za watoto fulani, jeupe, tena jekundu, kijani kilichoiva, dhahabu kidogo ya nyuzi za kung'aa. Desemba nzima ilikuwa mle. Niliweza kuwataja wenye nguo kwa rangi. Nilitoa bobini, nikapangusa nyumba yake kwa kitambaa laini, nikatia mafuta kila tundu, nikazungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, mpaka ile sauti ya kukwaruza niliyoizoea tangu mwezi wa kumi ikapotea. Nikabadilisha sindano. Iliyotoka ilikuwa imepinda ncha. Nilikuwa nimeshonea sindano iliyopinda kwa wiki sijui ngapi, nikilaumu uzi.

Kazi hiyo ilichukua asubuhi nzima. Zamani ningeiita asubuhi iliyopotea. Nilipomaliza niliifunika mashine kwa kitambaa safi, nikafunga mlango saa sita mchana, nikarudi nyumbani. Ndivyo ninavyofanya Januari yote sasa: nafungua asubuhi, nafunga mchana, na mlangoni kuna karatasi inayosema hivyo. Wateja wawili watatu waliokuja jioni wakakuta pamefungwa walirudi kesho yake.

Usingizi ndio uliofuata, na huo haukunitii mara moja. Usiku wa kwanza nilijilaza saa tatu nikabaki nimekodoa macho dari. Niliyojifunza ni kwamba mwili unataka kuambiwa usiku umeingia. Mwanga mkali wa jioni huchelewesha melatonini, ile homoni inayouandaa mwili kulala, na mimi nilikuwa nakaa chini ya taa kali ya kushonea mpaka dakika ya mwisho, kisha na simu mkononi. Basi baada ya saa moja jioni tukawa tunazima taa kubwa na kuwasha ile ndogo ya pembeni yenye mwanga wa manjano. Simu zikawa zinalala kwenye droo ya sebuleni. Asubuhi natoka nje kidogo nikiwa na kikombe changu cha chai, ili macho yaonje mwanga wa siku mapema, kwa maana huo ndio unaorekebisha saa ya mwili. Siku nne tano za mwanzo nililala kwa muda wa saa tisa usiku mmoja, kama mgonjwa. Baadaye zikashuka zenyewe zikawa saba na nusu. Wataalamu wa usingizi wanasema mtu mzima anahitaji angalau saa saba. Mimi nilikuwa nimeishi kwa nne na tano nikidhani hiyo ndiyo bidii.

Na jioni zile ndefu, bila simu, bila oda, mikono ilitaka kazi. Mikono yangu haijui kukaa. Nikateremsha lile gunia la vipande vya vitambaa ninavyokusanya chini ya meza ya kukatia, mabaki yasiyotosha hata mfuko wa shati, nikayamwaga mkekani. Nikaanza kukata miraba ya upana wa kiganja na kuishona pamoja kwa mkono. Blanketi la viraka. Sikuwa na kipimo cha mwisho wala tarehe ya kulimaliza, na sikuandika mahali popote.

Kushona kwa mkono ni kitu kingine kabisa. Cherehani inakuvuta, sindano ya mkono inakungoja. Mshono mmoja, unavuta uzi, unausikia ukipita kwenye kitambaa kwa ule mwasho mdogo wa sauti, unakaza kidogo, mwingine. Ukiwa na hasira uzi unajifunga mafundo. Nilivaa subana ya marehemu bibi yangu, ambayo ilikuwa imekaa kwenye kopo la vifungo miaka yote kwa sababu sikuwa na shughuli nayo. Watoto wakaanza kuja. Mwanzoni walikuja kwa kukosa simu, nisidanganye. Mdogo akajipa kazi ya kupanga rangi, mkubwa akawa anasoma kwa sauti. Mume wangu alikuwa anatengeneza kiti kilicholegea mguu, kazi aliyoiahidi tangu mwaka juzi. Kila mtu na kazi yake, taa moja, maneno machache. Kuna starehe kubwa ya kukaa na watu wako bila kulazimika kuwaburudisha.

Ni mdogo aliyeniletea lile jambo la majina ya miezi. Alikuwa na kitabu chake cha maarifa, na kilisema Septemba imetoka kwenye neno la Kilatini la saba, Oktoba nane, Novemba tisa, Desemba kumi. Akahesabu kwa vidole, akakwama. "Mama, mbona Desemba ni ya kumi na mbili?" Tukasoma pamoja. Kumbe mwaka wa Warumi wa kale ulikuwa unaanzia Machi, na majina yalibaki hata baada ya mwanzo kuhamishwa. Makonsuli wao, wale watawala wawili wa mwaka, walianza kushika madaraka tarehe 1 Januari mwaka 153 KK. Na hata baadaye sana si wote waliokubaliana: Uingereza ilihesabu mwaka wake wa kisheria kuanzia tarehe 25 Machi mpaka mwaka 1752.

Nilisimamisha sindano. Maisha yangu yote niliamini tarehe 1 Januari ni ukuta uliojengwa na Mungu, kwamba anayechelewa kuuruka amechelewa mwaka mzima. Kumbe ni makubaliano ya watu, na watu wengine waliwahi kukubaliana vingine. Jioni hiyohiyo tulisoma kwamba Januari inabeba jina la Janus, mungu wa Warumi wa milango na mianzo, aliyechongwa akiwa na nyuso mbili, moja inatazama mbele na moja nyuma. Mtoto alicheka kuona picha yake kwenye sarafu. Mimi niliwaza kwamba katika zile nyuso mbili nimekuwa nikitumia moja tu. Ile ya nyuma, ya kutazama nilikotoka, nilikuwa naifunika kwa daftari la mambo kumi na moja.

Kuhusu daftari lile, sikulitupa. Niliacha jambo moja tu ndani yake: kutembea nusu saa baada ya kufunga kazi. Zamani nilikuwa nikishikilia ile habari ya kwamba tabia mpya hujengeka kwa siku 21, na siku ya 21 ikifika nikiwa bado najilazimisha, naona nimeshindwa, naacha. Baadaye nilisoma kuhusu utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa mwaka 2010. Waliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12, kila mmoja akiwa amechagua kitu kidogo cha kufanya kila siku. Kwa wastani ilichukua siku 66 mpaka kitu kile kikawa kinafanyika bila kujisukuma, na tofauti zilikuwa kubwa mno, kuanzia siku 18 mpaka 254. Na walioruka siku moja hawakuharibikiwa. Nilihesabu: siku 66 kutoka mwaka mpya zinakufikisha mwanzoni mwa Machi. Januari yote ni ya kuparua udongo tu. Kwa nini nilikuwa naidai mavuno?

Sasa niseme na upande ambao watu hawausemi wanapousifu utulivu.

Wiki ya pili ya mwezi ule, usiku, nyumba nzima imelala, nilikuwa nachagua vipande nikakutana na kipande cha kitambaa cha kijivu chenye mistari myembamba. Ni cha suruali ya baba yangu. Niliipunguza kiuno mara tatu katika miezi yake ya mwisho, kwa sababu alikuwa anazidi kupungua na hakutaka mkanda. Mara ya tatu nilitoa vipande virefu kabisa kutoka kila upande. Baba alifariki Novemba. Tulimzika, na siku chache baadaye oda za Desemba zikaingia, na mimi nikaketi kwenye cherehani. Watu walisema nina moyo mgumu kwa jinsi nilivyorudi kazini upesi. Sikuwa na moyo mgumu. Nilikuwa na kelele. Cherehani ikinguruma husikii kitu kingine, na mimi niliipenda kwa sababu hiyo.

Januari ilipoondoa kelele, baba akaja. Nilikaa na kile kipande mkononi nikakiona kilivyo kwa mara ya kwanza: matundu ya sindano ya mishono mitatu, mmoja baada ya mwingine, kila mmoja ukiwa ndani zaidi ya uliotangulia. Nikayapapasa kwa kidole. Niliinuka nikaenda jikoni ili nisiwaamshe watoto.

Nimelifikiria sana hili. Nadhani wengi tunaikimbia Januari iliyotulia kwa sababu tunajua, hata bila kujiambia, ni nini kinatusubiri kwenye utulivu wake. Sikukuu ni nyumba yenye wageni wengi. Wakiondoka ndipo unaliona doa ukutani. Mimi sikupona kwa usiku mmoja. Wiki ile na iliyofuata nililia kila nilipokuwa peke yangu, na nikamsimulia mume wangu vitu kuhusu baba ambavyo sikuwahi kumsimulia. Lakini ilikuwa huzuni yenye kusogea. Ilinijia, ikakaa, ikanyanyuka, nikalala. Iko huzuni nyingine isiyosogea, inayomfanya mtu ashindwe kuamka, asitake kula wala kuonana na mtu, wiki ya kwanza, ya pili, na bado. Hiyo usiifunike kwa blanketi ukaiita mapumziko. Mdogo wangu aliwahi kuwa nayo, na alihitaji daktari, na daktari alimsaidia.

Ndiyo maana sipendi ile habari inayotangazwa kila mwaka kwamba Jumatatu fulani ya Januari ndiyo siku yenye huzuni kuliko zote. Ilianzia mwaka 2005 kwenye tangazo la kampuni ya safari iliyotaka kuuza tiketi, ikapambwa kwa hesabu ambayo wanasayansi waliikataa. Huzuni ya mtu haina tarehe ya kalenda, na hailetwi na mwezi.

Nilimpigia mama simu siku moja ya wiki hiyo. Nilikuwa nimemkwepa, nadhani, kwa sababu sauti yake ilikuwa na baba ndani yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Leo sisikii mashine."

"Nimeifunga, mama. Nafunga mchana mwezi huu."

Akanyamaza. Nikajiandaa kuulizwa kama biashara imeharibika.

"Basi zungumza," akasema. "Siku zote unanipigia ukiwa unashona. Nakusikia nusu nusu."

Tulizungumza saa nzima. Alinieleza jinsi baba alivyokuwa akikaa naye Januari, wakati hakuna kazi nyingi, wakikoboa na kupanga mbegu za msimu na kubishana juu ya shamba lipi lilazwe mwaka huo. Baba alikuwa hapandi shamba lote. Kila mwaka alikuwa analaza kipande kimoja, hakitii jembe, anakiacha majani yaote. Majirani walimwona kama mtu aliyeshindwa kulima. "Alikuwa anasema udongo hauoni aibu kukaa," mama alisema. Sikuwahi kuyasikia maneno hayo kwa baba mwenyewe. Labda aliyasema nikiwa nimeketi palepale, nashona.

Kitu kigumu zaidi kuliko vyote kilikuwa kuwakatalia watu. Dada yangu huzoea kuja na familia yake mwishoni mwa wiki ya kwanza, "kumalizia sikukuu." Nawapenda, na nyumba yangu haijawahi kuwafungia mlango. Lakini nilikuwa sina kitu cha kuwapa isipokuwa sura ya tabasamu. Nikamwambia kwenye simu, "Dada, naomba safari hii tusubiri hadi mwezi wa pili. Nimechoka, nataka kukaa tu." Kimya kile cha upande wa pili nakikumbuka mpaka leo. Akauliza kama amenikosea. Nikamhakikishia kwamba hajanikosea chochote. Hakuridhika, na kwa siku kadhaa nilijiona mtu mbaya. Alipokuja Februari, nilikuwa nimeamka, nimepumzika, nikakaa naye mpaka usiku wa manane na kumsikiliza kweli. Akiondoka alisema, "Nilikuwa sijakuona hivi siku nyingi." Mwaka uliofuata yeye ndiye aliyesema tukutane Februari.

Blanketi halikuisha mwezi ule. Januari ilipofika mwisho lilikuwa limefikia upana wa kifuniko cha meza ndogo. Nikachoma sindano kwenye mraba wa mwisho, nikalikunja, nikaliweka juu ya kabati, nikarudi kwenye cherehani na kwa wateja, na mwaka ukaenda. Nikalitoa tena Januari iliyofuata. Sindano ilikuwa palepale, na imeanza kuacha kidoa chekundu cha kutu kwenye kitambaa. Kidoa hicho sikukiondoa.

Huu ni mwaka wake wa nne. Sasa linafunika miguu ya watu wawili wakikaa kwenye kochi, watatu wakisogeleana. Kitambaa cha baba kiko karibu na ukingo, vipande viwili, na yale matundu ya sindano yanaonekana ukilitazama kwa kuliinamia. Na katikati kabisa, pale nilipoanzia, kuna miraba minne ya mistari ya buluu na nyeupe, niliyoikata kutoka kwenye mikono miwili ya kushoto. Mama yule alikuja wiki jana kuniletea sketi ya kupandisha pindo. Nilimwonyesha. Aliipapasa ile miraba kwa kidole gumba, akaiangalia namna mistari ilivyokutana, akaniuliza sketi itakuwa tayari lini.

"Unaitaka lini, mama?"

"Ukimaliza," akasema.

Nikaandika jina lake kwenye daftari, na pembeni pa tarehe nikapaacha wazi.